Jicho la Pili la Aleka Zeleke

Wanaoandika habari za Endale Zeleke siku hizi huanzia Ujerumani alikosomea, au kwenye ile tuzo. Hakuna anayeanzia mtaani kwetu Gulele, na sisi wa Gulele hatujaulizwa. Tungeulizwa, tungemwambia mwandishi aanzie asubuhi ile Atsede, mama yake Endale, alipofua shuka nyeupe ya mumewe mara mbili na bado akaiona haijatakata.

"Utaitoboa," Aleka Zeleke alimwambia kutoka ndani.

"Heri itoboke kuliko wageni wakuone na doa la rangi begani."

"Mimi mchoraji, mwanamke. Doa la rangi ndicho cheo changu."

"Cheo chako utakikuta ukutani. Mtoto kasema kwenye maonyesho yake picha kubwa kuliko zote ni yako. Wewe vaa shuka safi ukae kimya."

Zeleke alicheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Maisha yake yote alikuwa mchoraji wa makanisa, na kwa heshima ya kazi hiyo tulimwita Aleka. Alikuwa akitandaza kitambaa cha pamba ukutani mwa sebule yake, anachora watakatifu mpaka wamejaa, kisha kitambaa kinakunjwa kama mkeka na kubebwa kanisani kubandikwa kwa gundi. Asubuhi hiyo pale ukutani palikuwa na kitambaa cha ukuta wa magharibi wa kanisa letu jipya la mtaani. Kristo msalabani alikuwa amekamilika. Chini yake watu walikuwa bado mistari mitupu.

Kwa mtu asiyejisifu, wiki hiyo alikuwa amejisifu vya kutosha. Alimwalika Abba Mersha, padri mkuu wa kanisa letu, na karibu nusu ya chama chetu cha maziko. Hata Mama Bafena, muuza mkate wa injera wa pale kona, alialikwa, naye akafunga genge mapema.

"Aleka, na sisi tunaingia bure?"

"Mwenye shughuli ni mwanangu. Nani atakudai?"

"Basi mimi nakaa mbele," Mama Bafena alisema. "Nilimpangusa kamasi yule. Nina haki."

---

Ukumbi ulikuwa Piassa, katikati ya mji, una taa nyingi mchana kweupe. Endale alisimama katikati amevaa suti, na ndevu ambazo mama yake alikuwa hajazizoea. Alikuwa amerudi kutoka Ujerumani miezi michache tu iliyopita, na alipanga chumba huko huko mjini, akisema Gulele hakuna nafasi ya kuchorea. Hayo yalikuwa maonyesho yake ya kwanza nyumbani, na kati ya watu wote waliokuwamo alikuwa akimngoja mmoja tu.

Watu wetu waliingia kwa mstari, mashuka meupe, viatu vimefutwa vumbi mlangoni. Kijana mmoja akapita na sinia la jibini na nyama ya kukaanga. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mfungo. Abba Mersha alifunika pua kwa shuka yake. Mama Bafena alilitazama sinia mpaka likapotea, kisha akapiga ishara ya msalaba.

Ndipo wakaiona picha.

Ilikuwa kubwa kama mlango wa boma, rangi ya udongo na moshi. Ilikuwa na bega la mzee, mkono ulioshika brashi, na uso. Nani angekataa kwamba ni Zeleke? Ndiyo ile pua, na ule mshipa wa shingo, na ile namna yake ya kubana midomo akichora. Lakini uso ulikuwa umechorwa kwa ubavuni, na ulikuwa na jicho moja.

Kwetu hata mtoto anayenyonya anajua maana yake. Kanisani mtakatifu hukutazama kwa macho yake yote mawili. Anayeoneshwa ubavuni, jicho moja, ni shetani, au Yuda, au yule askari mwenye mkuki. Zeleke mwenyewe alichora hivyo tangu ujana, na baba yake kabla yake. Hakuna mchoraji wa kwetu anayekosea hapo, kama vile hakuna mpishi anayekosea chumvi na sukari.

Abba Mersha aliinama kidogo kwenye sikio la rafiki yake.

"Zeleke. Mwanao kakuweka na Yuda."

Zeleke alisogea karibu na picha, akaitazama kwa muda mrefu kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake, kuanzia kwenye mkono, kisha begani, mwisho usoni. Halafu akageuka.

"Endale."

"Naam, baba."

"Jicho la pili liko wapi?"

Endale alikuwa amesimama na mabwana wawili wa Kizungu na mtu wa gazeti. Yule wa gazeti ndiye aliyeanza kucheka. Na Endale akacheka naye. Tunamjua, hakucheka kwa dharau. Alicheka kwa sababu wenzake wamecheka, na kwa sababu hakujua afanye nini na uso wake.

"Baba, siku hizi sisi hatuhesabu macho."

Mtu wa gazeti akawatafsiria mabwana wale. Wakafurahi mno. Mmoja akapiga makofi.

"Sawa," Zeleke alisema. Akairekebisha shuka yake begani, akatoka. Atsede akamfuata, na sisi tukamfuata Atsede.

Endale aliiona ile shuka ikitoka mlangoni. Alipiga hatua mbili kuifuata, lakini mkono ukamshika kwenye kiwiko. Mmoja wa wale mabwana alikuwa mtu wa jumba la makumbusho la kwao, na picha aliyoitaka ilikuwa ile ile. Endale akabaki. Nitamfuata kesho, alijiambia, na kwa kujiambia hivyo akapata nguvu ya kutabasamu.

---

Gazeti lilitoa picha hiyo ukurasa wa mbele. Ikafika hadi kwa wauza berbere, pilipili yetu ya kusaga, wakaitumia kufungia bidhaa zao. Atsede alikwenda kununua pilipili akarudi na uso wa mumewe umekunjwa mkononi, jicho moja linamtazama. Aliuchoma jikoni bila kumwambia.

Baada ya hapo Zeleke hakuonekana tena kwenye kahawa ya chama. Alipopita njiani watu walimsalimia kama kawaida, wanainama kama kawaida, ila salamu zilikuwa fupi na hakuna aliyemuuliza habari za mtoto. Hilo ndilo lilimuuma. Miaka yote mtoto akiwa Ujerumani walikuwa wakimuuliza.

Abba Mersha alikuja nyumbani na wazee wawili wa kanisa. Atsede aliwakaangia kahawa, wakaikataa, na mtu akikataa kahawa kwako, ujue limekuwa jambo.

"Ni kuhusu kitambaa," Abba Mersha alisema, macho yakiwa sakafuni. "Watu wanasema, Zeleke. Wanasema mtu akiwekwa ubavuni na damu yake mwenyewe, lazima huyo mwana anajua kitu juu yake. Atagusaje uso wa Bwana?"

"Uso wa Bwana nimeshaumaliza."

"Ndiyo. Lakini waliobaki."

"Mnataka kumpa mwingine?"

Wazee walitazamana. Walikuwa wamekwisha kumwuliza mchoraji mmoja wa mkoani Gojjam, naye akataja bei iliyowatoa jasho.

"Umalizie wewe," Abba Mersha alisema. "Ila iwe toba. Bila malipo. Hapo watu watanyamaza."

"Bila malipo!" Atsede aliruka. "Abba, huyu amekaa mwaka mzima na kitambaa hiki. Tumekula mchuzi wa shiro bila kitu kingine mwaka mzima, tukingojea birr za kitambaa hiki. Toba ya nini? Yeye ndiye aliyejichora?"

"Atsede," mumewe alisema.

"Usiniambie Atsede. Abba, wewe si rafiki yake? Si ulibatiza mtoto?"

Abba Mersha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na waoga wakiwa wengi kanisani kazi huendeshwa hivyo. Alibaki akizungusha msalaba wake mdogo wa mkononi.

"Nitamaliza," Zeleke alisema. "Kikibandikwa nitakwenda monasterini. Nimezeeka, na nimechoka kutazamwa."

Wazee walisema ni wazo jema. Walilisema upesi mno.

---

Jumatano Atsede alipanda basi kwenda mjini na injera kwenye kikapu, shiro kwenye kibakuli kilichofungwa kitambaa. Chumba cha Endale kilinuka mafuta ya rangi. Kitanda hakikutandikwa. Picha ile kubwa ilikuwa imeegeshwa ukutani, sanduku la mbao la kuisafirishia liko wazi karibu yake.

"Kula kwanza," Atsede alisema.

Alikula kama mtu aliyesahau kwamba chakula kipo. Mama yake alimngoja mpaka aliporamba vidole.

"Sasa chukua brashi. Ongeza jicho."

"Mama."

"Moja tu. Ni kazi ya nusu saa, nakujua wewe. Tutakwenda nayo Gulele, Abba ataiona, basi, yamekwisha."

"Nikiongeza jicho hapo, atakuwa na macho mawili upande mmoja. Atakuwa kituko."

"Sasa hivi ni nini?"

Endale alisimama dirishani. Chini barabarani watu walikuwa wakipita wawili wawili, na alijisikia kana kwamba hajapata kutembea na mtu maisha yake yote.

"Wewe ulijua," mama yake alisema. "Usiniambie Wajerumani walikusahaulisha. Ulichora Yuda wangapi nyumbani kwangu, kabla hujaota ndevu?"

"Nilijua. Nilijua kama ninavyojua jina langu." Aligeuka. "Mama, nani alikuwa akimsagia rangi?"

"Wewe."

"Nilikaa wapi?"

"Pale chini. Pembeni yake."

"Miaka yangu yote ya utotoni nilikaa ubavuni mwake na kibakuli. Yeye anatazama ukuta. Akitaka nyekundu ananyoosha mkono, namwekea. Akitaka bluu ananyoosha mkono. Hageuki. Wale watakatifu wake walikuwa wakinitazama kwa macho mawili, kila mmoja, mpaka naogopa. Yeye nilimwona upande huu." Alionesha kwa kiganja, kutoka kwenye paji hadi kidevuni. "Nilipokuwa Ujerumani nikimkumbuka, uso uliokuja ni huo. Sina mwingine. Sikutaka kumtia aibu, nilitaka awe karibu. Ningemwekea jicho la pili ningekuwa naongopa, kwa sababu sijawahi kuliona likinitazama."

Atsede alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

"Na haya ungeyasema siku ile, badala ya kucheka na wale!"

"Najua."

"Basi njoo useme. Usinitume mimi. Akishabandika kitambaa anakwenda kuwa mtawa, Endale. Akivaa ile kofia ya watawa mimi ni mjane na mume yu hai. Unasikia? Baada ya Pasaka."

"Baba? Mtawa?" Alikaa kitandani. "Nitakuja Jumapili."

Na Jumapili alikuja. Tulimwona. Alifika mpaka kwenye lango la bati, viatu vinang'aa, kofia mkononi. Ndani kulikuwa na sauti za wazee wa kanisa waliokuja kupima kitambaa. Endale akasimama. Alijua wakimwona watataka apige magoti mbele yao, na baba atakuwa anatazama. Mama Bafena alimwita kutoka genge lake.

"We Endale! Siku hizi unabisha hodi kwenu?"

"Nina haraka, mama. Nitarudi."

"Uingie hata unywe maji!"

"Nitarudi," alisema, akashuka barabara akiwa karibu kukimbia.

Wiki ile ile alisafiri na sanduku la picha. Ilikuwa safari fupi, aliahidi angerudi kabla ya Pasaka. Lakini huko picha ilipewa tuzo, na baada ya tuzo kukawa na chakula cha jioni, na jiji jingine, na mtu mwingine wa kumshika kiwiko. Wanaoandika habari zake husema huo ndio mwezi aliopata jina. Yeye alikuwa akirudi hotelini akiwa na jina hilo, anakaa kwenye ukingo wa kitanda na viatu vyake, na hana hata mtu mmoja wa kumwambia, kwa lugha ya kwao, kwamba baba yake amesifiwa na watu mia ambao hawamjui.

---

Alirudi Pasaka imepita. Alikwenda Gulele moja kwa moja na sanduku lake la nguo. Lango lilikuwa wazi. Sebuleni ukuta ulikuwa mtupu, misumari imeng'olewa. Kuzunguka pale kitambaa kilipokaa palibaki mchirizi wa rangi, kila mahali brashi ilipopitiliza ukingo. Mama yake alikuwa amekaa chini amevaa nyeusi, anachambua dengu.

"Baba yuko wapi?"

"Tumemzika Jumamosi."

Sanduku lilimtoka mkononi.

"Yu hai," Atsede alisema, bila kuinua macho. "Ndivyo wanavyofanya. Mtu akiwa mtawa wanamlaza chini, wanamfunika, wanamsomea sala za maiti, kwa sababu kwa dunia amekwisha. Chama cha maziko kilikuja chote. Walilia vizuri. Ulikuwa hujui?"

"Nilijua. Sikudhani..." Aliinama kuokota sanduku. "Yuko monasteri gani? Nitamfuata leo."

"Kaomba pango. Hataki mtu wa nyumbani, hata mimi. Sasa umepata haraka?"

Alikaa kwenye kibao mbele yake. Alikuwa mkubwa mno kwa kile kibao, magoti yakamfika kifuani.

"Ulimwambia nilichosema?"

"Siku ile ile. Alikuwa anachora. Nilimwambia, mtoto anasema alikaa ubavuni mwako na hukugeuka, hilo jicho jingine hajaliona. Akaacha kuchora. Kile chakula cha jioni hakukigusa." Alitupa kijiwe nje ya ungo. "Asubuhi akaanza kuchora kitu kingine. Nenda kakitazame. Mimi nimekitazama inatosha."

Kanisani Endale alivua viatu mlangoni. Abba Mersha ndiye aliyemfungulia. Alimtazama kidogo, akampa msalaba wa mkononi aubusu, kisha akatangulia mpaka ukuta wa magharibi.

Kristo alikuwa msalabani na macho yake mawili. Mama yake chini, macho mawili. Mwanafunzi mpendwa, mawili. Upande wa pili askari na wadhihaki walitazama kwa jicho moja moja kama inavyotakiwa. Na chini kabisa, pale tunapomweka mtu aliyetoa sadaka ya picha, alikuwapo mzee mwenye doa la rangi begani, ameshika brashi, uso kwa ubavuni, jicho moja.

"Tulimkataza," Abba Mersha alisema. "Nilimwambia, Zeleke, unajihukumu mwenyewe mbele ya watu, na watasali mbele yako mpaka ukuta uanguke. Akasema mwanangu hakuongopa. Akasema, jicho la pili lilikuwa ukutani."

Endale hakumsikia vizuri. Alikuwa ameona kilichokuwa kando ya mzee. Kulikuwa na mtoto amekaa chini na kibakuli cha rangi. Miguu ilikuwa ya mtoto, mikono ilikuwa na madoa ya bluu, shingo ilikuwa nyembamba. Kila kitu kilikamilika mpaka shanga za shingoni. Mahali pa uso palikuwa peupe.

"Hapa hakumaliza?"

"Hakumaliza." Abba Mersha alikohoa. "Alimwuliza mama yako sura yako ya utotoni ilikuwaje, kutoka mbele. Akasema anaikumbuka mikono tu, mikono inayomletea rangi. Mama yako akamwambia, kwa nini nikuhadithie? Mtoto anakuja, ngoja aje umtazame mwenyewe. Basi akangoja. Tulibandika kitambaa Ijumaa Kuu, hatukuweza kuchelewa zaidi. Hata siku ya kulazwa chini aliniomba nisubiri kidogo. Nilisubiri, Endale. Mungu anajua nilisubiri."

Akatoka, akamwacha.

Huyu ni mtu ambaye leo mkono wake unalipwa kuliko mkono wowote wa nchi hii, na ambaye hakupata kurudi na brashi mbele ya ule uso mtupu. Wazee wa kanisa walimwomba mara nyingi. Siku hiyo hakufanya lolote. Alimwita baba yake mara moja, kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeuliza ni nyekundu au bluu. Halafu akakaa sakafuni chini ya mtoto yule, miguu ameikunja, bega limegusa ukuta, akainua macho.

Kutoka pale alimwona yule mzee vizuri sana. Aliiona ile pua, ule mshipa wa shingo, na midomo iliyobanwa. Alikaa mpaka walipokuja kufunga milango, na Zeleke hakugeuka.